Kengele ya Mstari wa Mbele

Binadamu amejaliwa meno thelathini na mawili, na Tumsifu alikuwa ameshang'oa thelathini na moja. Hayo ni kwa mujibu wa daftari la ruhusa, na katika mji ule usio na jina daftari la ruhusa ndilo lililokuwa na kauli ya mwisho juu ya kila jambo, mwili wa mtu ukiwemo. Kinywani mwake meno yote yalikuwepo, meupe, yamejipanga kama kidato cha kwanza siku ya kuripoti. Lakini kila Jumamosi ya onyesho alisimama mbele ya mlezi wa bweni, Bi Kokuteta, akashika shavu, akaomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Na kila Jumamosi Bi Kokuteta aliandika "jino moja", akagonga muhuri, akamwachia aende.

Siku hii Bi Kokuteta alilishika daftari kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika cheti cha kifo cha jirani.

"Tumsifu mwanangu, hili ni la mwisho."

"Ndiyo, mama."

"Na jana nimekuona unatafuna muwa."

"Nilikuwa nautafuna kwa imani, mama."

"Kwa imani! Na yale maganda uliyoyamenya kwa meno mlangoni pangu, uliyamenya kwa sala?" Hakucheka. Alipuliza muhuri wake ili uwe na nguvu. "Sikiliza. Ukirudi hapa huna tena jino la kung'oa. Hutatoka mpaka umalize shule, na shule hii, unajua mwenyewe, hajatokea aliyeimaliza. Kwa hiyo fikiri vizuri unakwenda kuling'oa wapi."

Tumsifu alikuwa amefikiri juma zima. Hakuwa anakwenda kwenye onyesho. Maonyesho yalikuwa yamekwisha, na aliyeyamaliza alikuwa yeye. Alikuwa anakwenda kutafuta nusu ya pili ya wimbo.

*

Yako maswali ambayo wakubwa huyaweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni, na mojawapo ni hili: kati ya mwimbaji na yule anayempenda, nani mtumishi na nani bwana? Mwimbaji amesimama juu, na taa zinamwangalia yeye. Shabiki amesimama chini, anasukumwa mgongoni, anamwagikiwa soda shingoni, amevaa fulana yenye jina la mwenzake. Ukiwapiga picha utasema huyu wa juu ni mfalme. Lakini picha haina sauti. Haionyeshi ni nani anayeagiza. Tumsifu alilijua jibu mapema kuliko watu wengi, na alilijua kwa njia mbaya, kama mtu anavyojua kwamba kisu ni kikali.

Bendi yenyewe iliitwa Kutu. Walikuwa watatu: Nderingo, aliyepiga gita na kuimba, Sikudhani, aliyepiga dramu, na mpiga besi, ambaye hakuna aliyewahi kulijua jina lake, kama ilivyo desturi ya wapiga besi wote ulimwenguni. Walipiga roki. Hawakuwa na kampuni, hawakupigwa redioni, na kanda zao walizirekodi wenyewe ndani ya kabati la nguo, ndiyo maana kila wimbo wao ulisikika kama umevaa koti.

Onyesho la kwanza lilifanyika Jumamosi, saa tisa alasiri, kwenye karakana ya seremala. Watazamaji walikuwa saba, tukimhesabu seremala, ambaye alikuwa anangoja waondoke ili amalizie kabati la sahani. Tumsifu alifika akiwa na kengele ya shule kwapani, ile ya shaba yenye mpini wa mti. Alikuwa ameiiba asubuhi ile kwa nia njema kabisa: kengele isipolia, Jumatatu isingejua kwamba imefika. Na kweli, wiki ile haikuwa na Jumatatu. Watu walilala Jumapili wakaamka Jumanne, na mwalimu wa zamu akawachapa watu wawili kwa sababu ya siku ambayo haikuwepo.

Bendi ilikuwa katikati ya wimbo uitwao "Dirisha la Tatu" utani ulipompanda Tumsifu kichwani. Aliinua kengele akaitikisa. Ngelele, ngelele, ngelele! Watu wa Kutu nao walikuwa wamesoma bweni, na mwili wa mtu aliyesoma bweni hausahau. Nderingo aliacha gita, Sikudhani akasimama wima, mpiga besi akaanza kutafuta sahani yake ya bati. Kisha wote wakapasuka kwa kicheko, seremala pia, na Nderingo akasema kwenye kipaza sauti, "Mheshimiwa Kengele, tumekosa, tunaanza upya." Wakauanza wimbo tangu mwanzo, na safari hii waliupiga kana kwamba paa linawaka na wao hawana habari.

Huo ulikuwa utani. Mambo mengi yanayotawala watu yalianza hivyo.

*

Kwa maana onyesho la pili watu waliuliza, "Yuko wapi yule wa kengele?" Onyesho la tatu walimsogeza mbele. La nne walikuwa na katiba. Aliyekuwepo karakana husimama mstari wa mbele na haombi njia. Mwanakutu halisi hakai kitini hata akiwa na mimba. Na kengele ikilia, wimbo wowote unaopigwa unakufa palepale, unaanza "Dirisha la Tatu". Hakuna aliyeiandika katiba hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuifuta.

Ah, Jumamosi zile! Tumsifu alikuwa akizikumbuka usiku na mchana, akizipanga na kuzipangua. Kulikuwa na onyesho la ghala la pamba, ambako watu wote walitoka wakiwa na mvi za uongo vichwani. Kulikuwa na lile la chumba cha kuangulia vifaranga, ambapo vifaranga mia nne walikuja duniani katikati ya wimbo wakadhani maisha ni gita. Kulikuwa na lile la machinjioni siku ya mapumziko, ambapo umeme ulikatika na watu wakaimba besi kwa vinywa, dumu dumu dumu, mpaka ukarudi. Alikuwa anakumbuka harufu ya waya ulioungua, na mlio masikioni ambao alirudi nao bwenini kama mtu aliyebeba nyuki kwenye kopo, akilala kwa uangalifu wasitoke. Alikuwa anakumbuka jasho la Nderingo lililomrukia usoni, na kwamba hakulifuta.

Na kila mara, wimbo wa sita au wa saba, shingo zote zilimgeukia. Yeye, ambaye bwenini alikuwa namba mia mbili na nne, ambaye ugali wake ulikatwa na kiranja kwa kisingizio cha uzalendo, aliinua mkono na dunia ikasimama.

Sasa ni lazima lisemwe jambo ambalo mashabiki waliliona na wakalipigia makofi. Kengele ilipolia, si wimbo tu uliorudi mwanzo. Nderingo alikuwa akifuga ndevu. Kengele ikilia, kidevu chake kilikuwa laini kama yai. Sikudhani alikuwa amesuka nywele zikafika mabegani. Kengele ikilia, zilikuwa fupi, za kunyolewa na shule. Nyuso zao zilirudi kuwa nyuso za karakana. Na watu walilipuka kwa furaha, kwa sababu kumbe hakuna kitu kilichopotea, kumbe wote bado tuko kwenye ile Jumamosi ya kwanza, sisi saba, ambao sasa tulikuwa mia sita. Tumsifu aliona ni zawadi anayowapa. Hakuwahi kuwauliza.

*

Onyesho la thelathini na moja lilifanyika ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na maji, lenye vigae vya buluu. Kabla halijaanza Nderingo alimwita pembeni, penye ngazi ya chuma.

"Shabiki mkuu."

"Naam, kaka."

"Leo usiipige."

"Nisipige nini?"

"Usinifanye mjinga, Tumsifu." Nderingo alikuna kidevu, ndevu zilikuwa zimeanza kuchipua tena, nyembamba, za wiki tatu. "Nina wimbo mpya. Nimeuandika mara thelathini. Kila ukiipiga hiyo kengele yako, unanitoka. Naamka Jumapili mkono umejaa wino, na sijui ni wa nini. Niliuandika ukutani, nikakuta ukuta mweupe. Safari hii nimemfundisha Sikudhani. Mikono yake haisahau."

"Kaka, mimi nilidhani mnapenda."

"Tulipenda. Mara tatu za mwanzo tulipenda sana."

Tumsifu aliangalia viatu vyake. "Watu wataniuliza."

"Waambie kengele inaumwa jino." Alijaribu kucheka, kikatoka kitu kingine. "Mdogo wangu, nataka kuzeeka. Kidogo tu. Nifike hata ishirini na tano nione pakoje."

"Naahidi."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

"Huyo unamwapia kila Jumamosi kwa Bi Kokuteta. Apa kwa kitu unachokiogopa."

"Naapa kwa kengele yenyewe," alisema Tumsifu, na wakati ule alimaanisha.

Wimbo mpya haukuwa na jina. Ulianza polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kwa mguu. Hakukuwa na mahali pa kuruka. Hakukuwa na mahali pa kupiga kelele. Nderingo alikuwa amefumba macho, na kadiri alivyoimba ndevu zilikua. Zilifunika kidevu, zikashuka. Mistari miwili ikakaa kwenye paji la uso. Mvi moja, kisha nyingine, zikatokea kando ya masikio. Alikuwa anazeeka mbele ya macho ya watu, na alikuwa anapendeza. Sauti yake ilikuwa imepata chumba cha ndani.

Watu wakaanza kuhama mguu huu na huu. Mtu mmoja akakohoa. Kisha shingo zikaanza, moja, tatu, mia, zikimgeukia.

"We! Umelala?"

"Mheshimiwa, fanya kazi yako basi!"

"Mpeni mwenzake hiyo kengele kama mkono umemfia!"

Baadaye, juma zima, Tumsifu alijisimulia kwamba ni watu waliomlazimisha. Alijisimulia hivyo akiwa anafua, akiwa kwenye foleni ya uji, akiwa amelala na macho wazi. Ilikuwa hadithi nzuri na ilikuwa na mashahidi mia sita. Lakini haikuwa kweli, na yeye alijua. Kelele zao angezivumilia. Mtu aliyekaa bweni anavumilia kelele yoyote. Kilichouinua mkono wake ni uso wa Nderingo. Ulikuwa unakwenda mahali. Ulikuwa umevuka mlango fulani ndani ya wimbo ule, na Tumsifu aliona mlango unafungwa, na yeye yuko nje pamoja na watu wote. Akaogopa kuachwa. Ni hilo tu. Alimpenda mtu yule kiasi kwamba hakuweza kumruhusu aende bila yeye hata kwa dakika nne.

Ngelele, ngelele, ngelele.

Nderingo alikuwa amefika mbali kuliko siku zote, kwa hiyo alianguka mbali kuliko siku zote. Mvi zilikwenda, mistari ikaenda, ndevu zikaenda. Akaufikia uso wa karakana lakini hakusimama hapo, akaupita. Alipofumbua macho alikuwa kijana ambaye hajawahi kushika chombo cha muziki. Akaliangalia gita kifuani mwake kwa adabu, akalivua, akainama kwenye mstari wa mbele.

"Samahani," akasema, "hiki ni cha nani?"

Akalikabidhi mikononi mwa Tumsifu. Akapanda ngazi ya chuma, akatoka bwawani, akaenda zake. Watu walidhani ni mbwembwe. Walipiga makofi robo saa nzima.

*

Kwa Tumsifu hiyo ilikuwa Jumamosi iliyopita. Lakini alipofika mtaa wa mafundi bati, akiwa na kaptula ileile na ruhusa ya jino lake la mwisho mfukoni, alimkuta Sikudhani akiwa mwanamke mzee. Kengele haikuwa imelia tena mjini, na miaka ilikuwa imejikusanya ilivyotaka yenyewe. Alikaa kwenye kigoda, nywele nyeupe zimefungwa kwa kitambaa, akinyoosha bati la jiko kwa nyundo mbili za mti. Pande zote mafundi walikuwa wakigonga, na mtaa mzima ulikuwa kelele moja isiyo na mshono.

"Shikamoo, dada. Shikamoo, bibi."

Sikudhani alimtazama mdomo, hakumtazama macho. "Marahaba. Sema polepole, nikuone. Masikio yangu yameliwa na bati." Kisha akamwangalia vizuri, kuanzia viatu. "Ala! Bwana Kengele. Na wewe hukui?"

"Shule haijaisha, bibi."

"Haiishi ile." Akasogeza kigoda kingine kwa mguu. "Umekuja kuomba msamaha? Maana wamekuja wengi. Mia tano hivi. Wote wanasema walikuwa wamekuambia usipige."

"Nderingo yuko wapi?"

"Yuko mizani, anapima kahawa za watu. Ana wajukuu, na ana kitambi. Mtu wa furaha sana yule. Nikipita ananisalimia kama anavyomsalimia mteja mwingine." Alisema hivyo bila hasira, akipangusa nyundo. "Sema shida yako. Jiko hili lina mwenyewe."

Tumsifu alikuwa ameandaa hotuba ndefu, yenye utangulizi. Ikamwishia mdomoni. "Nataka kuusikia wimbo mpaka mwisho. Niliukata katikati. Nipo radhi nisitoke tena shuleni, lakini niusikie."

Sikudhani aliinua mikono yake akaitazama. "Maneno yamekwenda," akasema. "Mpiga besi naye amekwenda, na jina lake. Iliyobaki ni hii mikono. Yenyewe inaujua, mimi siujui. Nikianza kugonga sisikii kitu, naona tu mikono inakwenda kama ya mtu mwingine. Na ina baridi yabisi. Nimeitunza. Nimekuwa nangoja mtu mwenye masikio." Akalipindua bati. "Itaweza mara moja. Huu haurudiwi, umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Basi kaa. Na mikono yako uikalie."

Akaanza. Mafundi wa jirani, mmoja baada ya mwingine, walishusha nyundo zao, bila kuombwa. Tumsifu aliikalia mikono yake. Aliijua ile ngazi ya gizani, mguu unaopapasa. Alikaribia kumsikia Nderingo juu yake. Akafika mahali pale, akapatambua kwa tumbo kabla ya sikio: hapa ndipo nilipoinua mkono. Pakapita. Wimbo ukaendelea mbele ya pale kana kwamba hakuna kitu kilichowahi kutokea, na nchi mpya ikafunguka, pana, yenye mwendo wa haraka zaidi, ambayo hakuna mtu wa mstari wa mbele aliyewahi kukanyaga.

Kisha mikono ikasimama hewani. Mguu wa Sikudhani tu ndio uliokuwa unahesabu, ukigonga vumbi.

"Umeisha?" Tumsifu aliuliza.

Sikudhani aliusoma mdomo wake akatikisa kichwa. "Hapa pana pengo. Mapigo kumi na sita. Hapa ni kengele."

"Kengele gani?"

"Yako, mjinga wewe. Alikutengea. Alisema yule mtoto hawezi kukaa kimya, tumpe mahali pake ndani ya wimbo. Angekukonyeza."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia, ungeipiga mapema zaidi." Mguu ulikuwa umefika kumi na mbili. "Ungengoja dakika moja hivi. Isingefika mbili."

Kumi na sita. Mikono ikashuka, na macho ya Sikudhani yakashuka pamoja nayo kwenye bati.

Tumsifu alisimama. "Bibi, subiri. Subiri kidogo. Sikujua. Niliona anatuacha, bibi, niliona mlango unafungwa, sikujua kwamba mimi pia niko ndani. Rudi nyuma kidogo, tafadhali, hata pale kwenye pengo tu, nipaone tena. Anza upya! Mara moja tu, nitakaa vizuri, sitasema kitu, naapa, haki ya Mungu naapa, anza tena tangu mwanzo." Alisema hayo na mengine, na aliyasema kwa sauti iliyozifunika nyundo, na kila neno lilikuwa la kweli. Sikudhani hakuinua uso. Nyundo zilikwenda.

Kisha hazikwenda. Alikuwa ameziweka chini, na anajisugua vifundo vya vidole. Mtaani kote mafundi walikuwa wameduwaa, na kutoka mbali nyundo moja ikaanza tena, kisha nyingine.

"Ndio huo," akasema Sikudhani. Alikuwa anatabasamu kama msichana, akimtazama mdomo, akingoja. "Haya, niambie. Miaka yote hii sijawahi kuusikia. Unaishaje?"